Nyumba ya mwaka 1914 katika mji unaojaa watu: ninunue au niache?

"Tunaishi mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Iowa, Marekani. Mimi na mke wangu tunafanya kazi kiwanda cha nyama. Tuna watoto watano, wa mwisho ana miaka miwili. Nyumba za kupanga hazipatikani, tumebanana kwenye vyumba viwili. Kuna mzee anauza nyumba ya mbao ya ghorofa moja iliyojengwa 1914, kwa dola 82,000. Anasema hakuna haja ya benki: nimpe 8,000 sasa, nimlipe 700 kila mwezi kwa riba ya asilimia 7, na baada ya miaka mitano nimalize salio lote. Wenzangu wengine wananiambia mbao za miaka mia zimeshaoza. Wengine wanasema mji unakua, nitakuja kuiuza kwa faida. Kwa nini hawajengi nyumba mpya wakati watu wanaongezeka? Na je, ninunue?"

Ndugu yangu, nitaanza na swali lako la kwa nini hawajengi, kwa sababu jibu lake ndilo linaloeleza bei unayotajiwa, na ndilo litakalokuwekea kikomo cha fedha za kutia kwenye matengenezo. Kisha tutaingia ndani ya nyumba yenyewe, halafu tutazame karatasi. Nikuambie mapema kwamba katika barua yako kilichonitia wasiwasi zaidi ni ule mkataba. Mbao za 1914 zinanisumbua kidogo tu.

Eneo mnaloishi lilikuwa mbuga ya nyasi ndefu, karibu haina miti. Serikali iliipima kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, kila mraba ekari 640, na hadi leo barabara za mashambani huko hukutana kila baada ya maili moja. Reli iliyokatiza jimbo kutoka mashariki ilipofika Sioux City, mpakani magharibi, mwaka 1870, miji kama Storm Lake, katika Kaunti ya Buena Vista, ilianza kando ya njia hiyo. Mbao zililetwa kwa treni kutoka mbali: misonobari ya Wisconsin na Minnesota ilikatwa, magogo yakasafirishwa juu ya maji hadi viwanda vya kupasua mbao vya Clinton, Davenport na Dubuque kwenye Mto Mississippi. Kati ya 1900 na 1920 bei za mazao na ardhi zilipanda sana, na familia zenye watoto wengi zikajenga nyumba pana za umbo la sanduku, sebule na jiko chini, vyumba vinne vya kulala juu. Nyumba unayoitazama ni ya kipindi hicho.

Kisha ujenzi ukapoa kwa miongo mingi. Iowa ilikuwa jimbo pekee la Marekani lililopoteza watu kati ya sensa ya 1900 na ya 1910, kutoka 2,231,853 hadi 2,224,771, hata kabla trekta halijaenea. Trekta lilipokuja, familia moja ikaweza kulima eneo lililohitaji familia kadhaa. Bei ya ardhi ilianguka baada ya 1920, na katika msukosuko wa wakulima wa miaka ya 1980 jimbo lilishuka tena, kutoka watu 2,913,808 mwaka 1980 hadi 2,776,755 mwaka 1990. Mahali panapohamwa hapajengwi. Nyumba zilizobaki zilikaliwa na wazee wawili wawili, baadaye mjane mmoja, kwenye jengo lililokusudiwa watu wanane.

Ndipo viwanda vya nyama vikabadilisha hesabu. Kule Storm Lake, kampuni ya IBP, ambayo baadaye ilinunuliwa na Tyson, ilifungua kiwanda cha nguruwe mwaka 1982, na wafanyakazi wakaja kutoka Laos, Meksiko na kwingineko. Katika miji mingine ya Iowa wamefika pia Wakongomani na Warundi wanaozungumza Kiswahili. Ukitazama kaunti nzima ya Buena Vista, ongezeko linaonekana dogo: watu 19,965 mwaka 1990, watu 20,823 mwaka 2020. Lakini mji wa Storm Lake peke yake ulitoka 8,769 ukafika 11,269. Maana yake, nje ya mji huo kaunti ilipoteza watu wapatao 1,600 huku mji ukiongezewa 2,500. Kwa hiyo kuna nyumba tupu kwenye vijiji na mashamba, na msongamano mahali kilipo kiwanda. Nyumba tupu iliyo maili 25 kutoka kazini haimsaidii mtu wa zamu ya usiku katikati ya dhoruba ya theluji.

Sasa, kwa nini mjenzi haoni fursa hapo? Kwa sababu benki hukopesha kwa kufuata thamani anayoiandika mthamini, na mthamini huangalia nyumba za jirani zimeuzwa kwa kiasi gani. Nyumba za jirani ni za 1910 na zinauzwa bei ndogo. Chukua mfano wa kuelewea tu: nyumba mpya ya vyumba vitatu igharimu dola 300,000 kuijenga, mthamini aiandike 230,000. Benki itahesabu mkopo kwenye 230,000, na ile 70,000 inayobaki lazima itoke mfukoni mwa mtu. Saruji, mbao na fundi umeme havishuki bei kwa sababu mji ni mdogo, na pengine fundi hudai zaidi kwa kuwa anatoka mbali. Ndiyo maana miji mingi ya namna hii haipati nyumba mpya mpaka manispaa, serikali ya jimbo au mwajiri achangie kufunika pengo hilo.

Pengo hilohilo litakugusa na wewe. Ukiinunua nyumba kwa 82,000 na kuitengeneza kwa 90,000, mthamini hataandika 172,000. Ataandika kile nyumba za mtaani zinachouzwa. Kwa hiyo wenzako wanaosema utauza kwa faida kwa kuwa mji unakua wamekosea hesabu. Na usisahau kwamba mji unaosimama juu ya mwajiri mmoja unaweza kugeuka ghafla: Juni 2024 kiwanda cha nguruwe cha Perry, Iowa, kilifungwa na watu wapatao 1,300 wakapoteza kazi. Nunua nyumba hii ikiwa unataka watoto wako wapate vyumba na wewe uwe na gharama ya makazi unayoimudu kwa miaka kumi au zaidi. Usiinunue kama biashara.

Tuje kwenye mbao. Wenzako wanaosema mbao za miaka mia zimeoza nao hawako sawa. Misonobari ile ilikua polepole katika msitu mnene, pete zake zimebanana, na mbao zake mara nyingi ni imara kuliko za dukani leo. Mbao haiozi kwa uzee. Huoza kwa maji yaliyokaa. Chukua bisibisi, ushuke besimenti, yaani orofa ya chini ya ardhi, uchome kwa nguvu ya mkono ule ubao mnene uliolala juu ya ukuta wa msingi, kuzunguka nyumba nzima, hasa chini ya bafu, chini ya mlango wa nyuma na kwenye pembe ambako maji ya paa humwagika. Bisibisi ikigoma, ubao ni mzima. Ikizama nusu inchi kirahisi, hapo pameoza. Futi mbili tatu zilizooza zinabadilishika. Upande mzima ukiwa umeoza, hiyo ni kazi ya kuinua nyumba kwa jeki, na bei lazima ishuke au uondoke.

Ukiwa hapo chini, tazama kuta za msingi. Nyumba za kipindi hicho zina msingi wa mawe, wa matofali ya udongo yenye matundu, au wa bloku za saruji. Ufa mwembamba wa wima mara nyingi ni nyumba kukaa kwenye ardhi yake, na hauogopeshi sana. Unaoogopesha ni ufa wa kulala unaopita katikati ya ukuta, huku ukuta umebinuka kuelekea ndani. Udongo wa huko una mfinyanzi mwingi: ukilowa hutanuka, na baridi kali hugandisha ardhi, ikausukuma ukuta. Vuta uzi kutoka pembe hadi pembe, upime umbali kati ya uzi na ukuta. Ukuta ukiwa umebinuka zaidi ya inchi moja, mlipe mhandisi wa majengo aje aone kwa macho yake kabla hujasaini chochote. Usimtegemee muuzaji wa huduma ya "kukausha besimenti", maana yeye anauza dawa moja kwa kila ugonjwa.

Maji ndani ya besimenti huwatisha watu, na mara nyingi chanzo chake ni juu ya ardhi na tiba yake ni rahisi. Zunguka nyumba mvua inaponyesha. Mifereji ya paa imeziba? Bomba la kushushia maji linamwaga kandokando ya ukuta? Liongeze lifike angalau futi sita mbali na nyumba. Ardhi inainamia nyumbani? Ongeza udongo wa mfinyanzi, uushindilie, mpaka mteremko uwe inchi sita katika futi kumi za mwanzo. Kazi hii hugharimu mamia machache ya dola na jasho lako. Ifanye kwanza, kisha subiri mvua kubwa mbili tatu kabla ya kukubali mtu akuuzie mfumo wa maelfu. Kama kuna shimo lenye pampu, mwagia ndoo ya maji uone kama pampu inawaka yenyewe na kuyatoa nje.

Kitu kinachohitaji uangalifu wako mkubwa kuliko vyote ndani ya nyumba ni umeme. Nyumba ya 1914 inaweza kuwa bado na nyaya za kwanza: waya mmoja mmoja unaopita kwenye vishikizo vya kauri nyeupe, bila waya wa ardhi. Nyaya hizo zilibuniwa zipoe kwa hewa inayozizunguka. Mtu akizifunika kwa sufi ya kuzuia baridi, joto halitoki, ngozi ya waya inakauka na kupasuka. Kampuni nyingi za bima hukataa nyumba yenye nyaya hizo, na bila bima hakuna benki itakayokukopesha, hata miaka mitano ijayo unapotaka kumalizia salio. Fungua pia sanduku la umeme. Likiwa la fyuzi na limeandikwa ampea 60, hilo lilimtosha mjane mwenye taa nne na friji. Nyinyi ni saba. Hita moja ndogo ya umeme ya wati 1,500 hula ampea 12.5, na saketi ya kawaida ya chumbani ni ya ampea 15. Mbili zikiwashwa pamoja, fyuzi inakatika.

Hapo ndipo watu wanapojichimbia kaburi: fyuzi ikikatika kila mara, mtu anaweka kubwa zaidi ili "isisumbue". Fyuzi ya kijani ya ampea 30 kwenye waya uliotengenezwa kwa ampea 15 itauacha waya uive ndani ya ukuta kabla haijakatika. Ukikuta fyuzi za kijani zimejaa sandukuni, chukulia kwamba nyaya zimeshaungua mahali fulani, umwite fundi umeme mwenye leseni. Kubadilisha sanduku kuwa la ampea 100 au 200 huwa ni dola elfu chache. Kuvuta nyaya mpya nyumba nzima kunaweza kupita 15,000. Pata bei ya maandishi kabla ya kukubaliana bei ya nyumba, kwa sababu kiasi hicho ndicho hoja yako halali ya kupunguziwa.

Kuna sababu nyingine ya kulivalia njuga jambo la moto. Nyumba nyingi za wakati huo zilijengwa kwa nguzo ndefu za ukutani zinazotoka msingini hadi paani bila kukatwa, kwa hiyo kila uwazi kati ya nguzo na nguzo ni kama bomba la moshi. Moto ukianzia besimenti hufika darini kwa dakika chache. Ziba uwazi huo, ukiwa besimenti na ukiwa darini, kwa vipande vya mbao au sufi ya mawe iliyobanwa vizuri. Kazi hiyohiyo huzuia pia baridi kupanda ukutani. Weka king'ora cha moshi katika kila chumba cha kulala na kila orofa, na king'ora cha hewa ya kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata siku moja, na oveni ya gesi isitumike kupasha nyumba joto.

Familia kubwa hushawishika kugeuza besimenti kuwa chumba cha wavulana. Chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha ambalo mtoto anaweza kutokea na mzimamoto anaweza kuingilia: uwazi wa futi za mraba 5.7, upana usiopungua inchi 20, kimo kisichopungua inchi 24, na kizingiti chake kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Kidirisha kidogo kile cha juu ya ukuta wa besimenti hakifai. Kama hakuna dirisha la kutosha, mtoto asilale huko, hata kwa wiki moja wageni wakija.

Mtoto wako wa miaka miwili ananipeleka kwenye rangi. Rangi zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku kwa nyumba za kuishi mwaka 1978, kwa hiyo nyumba ya 1914 ichukulie kuwa nazo mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo. Wazazi wengi hudhani hatari ni mtoto kutafuna vipande vya rangi. Hilo hutokea, ila sumu nyingi huingia kwa vumbi. Dirisha la zamani la kupandisha na kushusha husaga rangi kila linapofunguliwa, vumbi linaangukia kizingitini na sakafuni, mtoto anatambaa, anatia vidole mdomoni. Risasi huathiri ubongo unaokua, na mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote. Sheria ya nchi inamlazimu muuzaji akuambie anachokijua kuhusu risasi, akupe kijitabu cha maelezo, na akupe nafasi ya siku 10 za kupima. Mzee akikuambia hiyo haihitajiki kwa sababu hakuna benki, si kweli. Sheria hiyo haiangalii kama unalipa kwa mkopo au kwa mkono.

Mkihamia, futeni vizingiti na sakafu kwa kitambaa chenye maji na sabuni kila wiki, msifagie kikavu. Msikwangue rangi kwa msasa mkavu, wala kuiunguza kwa moto. Mkimlipa fundi, awe na cheti cha kufanya kazi kwenye nyumba zenye risasi. Na mpeleke mtoto akapimwe damu kliniki kabla ya kuhamia, kisha miezi michache baadaye. Kipimo kikifika mikrogramu 3.5 kwa desilita au zaidi, hilo ni la daktari na idara ya afya ya kaunti, si la kusubiri.

Radoni ni gesi isiyo na harufu inayotoka ardhini, na Iowa yote, kaunti zote 99, imo katika kundi la hatari kubwa zaidi. Baada ya sigara, ndiyo inayoongoza kusababisha saratani ya mapafu. Pima kwa saa 48 milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Ikifika pikokyuri 4 kwa lita, bomba na feni ya kuinyonya chini ya sakafu huipunguza sana, kwa kawaida kwa dola elfu moja na kitu hadi elfu mbili na nusu. Hata nyumba mpya hupata radoni, kwa hiyo isikufanye uikatae nyumba hii. Ukikuta darini punje nyepesi za kijivu zenye kung'aa kidogo, au bomba za maji moto zimefungwa kitambaa cheupe kilichochanika, usiviguse. Vinaweza kuwa na asbesto. Vikiwa vimetulia havina haraka. Vikichokolewa ndipo vinapodhuru.

Kwenye maji, tafuta bomba linaloingia kutoka barabarani. Likwangue kwa sarafu. Likiwa laini, likang'aa kama fedha na sumaku haigandi juu yake, ni la risasi, na mtoto asinywe maji hayo bila chujio lililothibitishwa kuondoa risasi. Lipia pia kamera ipitishwe kwenye bomba la majitaka hadi barabarani. Mabomba ya zamani ni ya udongo, mizizi ya miti huingia kwenye maungio, na watu saba watalijaza bomba ambalo mzee mmoja hakuliona kasoro yake. Kamera ni dola mia chache, kuchimba bomba jipya ni maelfu.

Kama nyumba iko nje ya mji, Iowa inadai tangi la majitaka likaguliwe nyumba inapouzwa, na kisima lazima ukipime mwenyewe. Ofisi ya afya ya kaunti husaidia kupima visima vya watu binafsi, mara nyingi bure. Angalia naitreti hasa, inayotokana na mbolea za mashamba: kikomo ni miligramu 10 kwa lita, na juu ya hapo maji hayo yasitumike kuchanganyia maziwa ya mtoto mchanga. Sisi tumezoea kuchemsha maji yakitiliwa shaka. Kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, kiwango chake huzidi.

Kuhusu baridi, ushauri wangu ni mfupi: usianze na madirisha mapya. Anza kuziba matundu ya darini, kisha mwaga sufi hadi unene wa inchi 14 au zaidi. Familia zenye kipato kidogo zinaweza kufanyiwa kazi hii bila malipo kupitia mpango wa serikali kuu wa kuzuia upotevu wa joto majumbani, unaoendeshwa na mashirika ya jamii ya kila eneo. Kuna foleni, kwa hiyo ombeni mapema. Kumbuka pia kwamba watu saba wanaopika maharage kwa saa tatu, kuoga na kuanika nguo ndani hutoa mvuke mwingi kuliko nyumba hiyo ilivyozoea kwa miaka arobaini. Mvuke ukigusa kioo baridi na pembe za ukuta, unakuwa maji, kisha ukungu mweusi, kisha kikohozi cha watoto. Feni ya bafuni na ya jikoni zitoe hewa nje kabisa, zisiitoe darini. Nunua kipima unyevu cha dola kumi na kitu, na wakati wa baridi uhakikishe hauzidi asilimia 40.

Sasa mkataba. Unachopewa ni kununua kwa awamu kutoka kwa mwenye nyumba, ambapo hati inabaki kwake mpaka umalize. Si haramu, na wapo wauzaji waaminifu wanaoutumia vizuri. Lakini angalia hesabu yake. Ukitoa 8,000, unabaki na deni la 74,000. Kwa riba ya asilimia 7, katika 700 ya mwezi wa kwanza karibu 432 ni riba tupu. Baada ya miaka mitano utakuwa umetoa 50,000 kwa jumla, na bado utadaiwa takriban 54,800, zote kwa mkupuo. Usipokuwa nazo, itabidi benki ikukopeshe siku hiyo. Na benki itaikagua nyumba ileile: nyaya, paa, msingi. Ikikataa, unaingia kwenye kuvunja mkataba.

Katika Iowa, ukivunja mkataba wa namna hiyo, muuzaji anaweza kukupa notisi ya siku 30. Usiporekebisha ndani ya siku hizo, nyumba inarudi kwake pamoja na malipo yako ya awali, malipo ya kila mwezi na kila dola uliyotia kwenye paa na umeme. Mwenye mkopo wa benki ana ulinzi mwingi zaidi wa mahakama kuliko huo. Kuna pia hatari ya upande wa pili: mzee mwenyewe anaweza kuwa na deni la benki juu ya nyumba hiyo, au kodi ya ardhi haijalipwa, na wewe ukalipa miaka mitano kwa uaminifu huku nyumba inanadiwa kwa deni lake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata dola mia, tafuta mwanasheria wa mali isiyohamishika ambaye si wa muuzaji. Iowa ina utaratibu wake: kuna muhtasari wa historia yote ya umiliki, mwanasheria anausoma na kuandika maoni yake kama hati ni safi. Kazi hiyo hugharimu mamia ya dola, na kati ya fedha zote utakazotumia, hizo ndizo za mwisho kuzionea uchungu. Mwombe ahakikishe kodi za kaunti zimelipwa, mkataba usajiliwe ofisi ya msajili wa kaunti mara tu unaposainiwa, mke wa muuzaji asaini pia kama ana mke, na muda wa salio uwe miaka kumi au zaidi badala ya mitano, au deni lilipike lote kwa awamu bila mkupuo. Mkalimani wa siku hiyo awe mtu mzima asiye na faida katika mauzo. Usimtumie mtoto wako wa shule, wala dalali.

Kabla hata ya hayo, jaribu njia nyingine. Wizara ya Kilimo ya Marekani, kupitia idara yake ya Rural Development, hutoa mikopo ya nyumba vijijini kwa wenye kipato cha chini, mara nyingi bila malipo ya awali na kwa miaka 33, huku riba ikipunguzwa kufuata kipato. Mikopo yenye dhamana ya FHA, shirika la serikali kuu linalodhamini mikopo ya nyumba, huanza na malipo ya awali ya asilimia 3.5, na aina moja yake, iitwayo 203(k), huunganisha bei ya nyumba na gharama za kuitengeneza katika mkopo mmoja, jambo linalolingana sana na nyumba ya 1914. Uliza ofisi zenyewe kuhusu hadhi yenu ya uhamiaji, msichukue majibu ya mtaani. Mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na HUD, yaani Wizara ya Nyumba ya Marekani, anaweza kukaa nanyi kupiga hesabu hizi bila malipo au kwa malipo kidogo.

Je, ununue? Mpe mzee ofa ya maandishi yenye sharti la ukaguzi, umlipe mkaguzi wa nyumba dola zipatazo 500, uongozane naye chumba kwa chumba. Msingi ukiwa mzima, bei za fundi umeme, paa na bomba zikijumlishwa na bei ya nyumba zisipite kile nyumba nzuri za mtaa huo zinachouzwa, na mwanasheria akiridhika na karatasi, ningekushauri uinunue, kwa sababu vyumba vinne vya juu ndivyo familia yako inavyovihitaji na hakuna atakayekujengea vipya kwa bei hiyo. Ukuta wa msingi ukiwa umebinuka na nyaya ni zile za kauri kwa pamoja, iache nyumba hiyo, isipokuwa bei ishuke kwa kiasi cha matengenezo yote mawili. Na mzee akikataa mkaguzi asiingie, au akikuharakisha usaini kabla ya mwanasheria kusoma, mshukuru, uondoke, na 8,000 zako zibaki kwenye akaunti.